Shahada na Shahidi Wake

Msafiri aingiaye Tunduma kutoka Mbeya huufahamu mpaka kabla hajauona, kwa kuwa malori yaliyopanga foleni kandokando ya barabara humpokea tangu Mpemba, mengine yamebeba shehena ya Zambia na mengine ya Kongo, na katikati yao matangi ya mafuta hujitambulisha kwa harufu, nyepesi na kali ikiwa ni petroli, nzito na ya kubakia puani ikiwa ni dizeli, harufu ambazo mtoto wa mji huu huzipambanua hata akiwa amefumba macho. Mimi ni mwalimu wa kemia wa kidato cha tano na cha sita katika mkoa huu wa Songwe, na ni miaka mingi sasa napita kando ya matangi hayo asubuhi nikienda kazini. Na kila nipitapo hunijia fikira ile ile, kwamba mji wetu ni chumba cha mtihani wa kemia ogani usiokwisha usiku wala mchana, na kwamba vijana tunaowaandaa kuufanya mtihani huo, baadhi yao, na baadhi hiyo si ndogo, hutunukiwa shahada za vyuo vikuu bila ya kupata kushika chupa kwa mikono yao wenyewe.

Kemia ogani ni ilimu ya vitu ambavyo kaboni ndiyo uti wa mgongo wake, navyo vimetuzunguka kuliko tunavyodhani. Petroli ni ogani, na mafuta ya taa kadhalika. Kafeini iliyomo katika kahawa ya Mbozi, sumu ya pareto inayoangusha mbu, manukato ya karafuu, pombe na siki, dawa ya mseto ya malaria, na ile sumukuvu iwezayo kujificha katika gunia la mahindi lisilo na doa la kuonekana kwa jicho, vyote huingia kwa mlango huo mmoja. Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, una kahawa na mahindi upande mmoja na mpaka mkubwa wa biashara upande wa pili, na chini ya nyanda hizi, tangu mwaka 1968, limelala bomba la mafuta la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Kwa hiyo haja yetu ya watu walioiva katika ilimu hii ni haja ya chakula, wala si haja ya mapambo.

Nichukue mfano wa neno ambalo halihitaji kufasiriwa kwa Mtanzania yeyote, nalo ni uchakachuaji. Lilienea nchini katika miaka ambayo mafuta ya taa, kwa kuwa kodi yake ilikuwa ndogo, yalitiwa katika dizeli na petroli na kuuzwa kwa bei isiyo yake, mpaka EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikaanza mwaka 2010 kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyoghushiwa yajulikane, na Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili tamaa hiyo ikose faida. Vinasaba ni hila njema, lakini chini ya hila hiyo upo ukweli wa zamani zaidi, kwamba kila kimiminika kina joto lake la kuchemkia, na kwamba mchanganyiko hauwezi kulificha kabila lake mbele ya moto. Petroli huanza kuchemka kabla ya nyuzi 40 na kumalizika karibu na 200. Mafuta ya taa huchukua nafasi ya kati ya nyuzi 150 na 270 hivi. Dizeli huanza ndani ya nafasi hiyo hiyo, lakini hupanda polepole na kufika hata 360. Mwanafunzi aliyewahi kukaa saa mbili mbele ya mnara wa kukenekea, akiutazama uzi wa zebaki ukipanda, ukasimama, ukapanda tena, hahitaji kuambiwa uchakachuaji ni nini, kwa sababu ameuona ukikiri wenyewe. Ilhali yule aliyechora mnara huo katika daftari akapewa alama za mchoro, atakapoajiriwa kuyapima mafuta atakuwa mtu wa kusoma namba kutoka katika mashine na kuziamini.

Au tuyatazame mahindi, ambayo ndiyo heshima ya Mbozi na Momba. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Machi 2021 Kenya ikayazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo hiyo, na mkulima aliyekuwa amekwisha kupakia akajikuta ana mali isiyo na mnunuzi. Kiwango kinachoruhusiwa katika Afrika Mashariki ni sehemu 10 katika sehemu bilioni moja, hesabu ambayo masikio huipokea bila ya akili kuishika, basi na niieleze kwa mizani ya Tunduma: ni gramu moja ya sumu, yaani kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole, iliyotawanyika katika tani 100 za mahindi, mzigo unaozidi malori matatu ya tani 30. Na bado yupo mtu awezaye kuiona. Huchukua unga, akauosha kwa kiyeyushi, akatia tone la kiyeyushi hicho katika bamba jembamba lililopakwa unga wa silika, akalisimamisha bamba hilo katika bilauri yenye kimiminika kidogo, akakiacha kimiminika kipande chenyewe kama maji yapandavyo katika utambi wa taa. Kisha chini ya mwanga wa urujuanimno sumu hujitokeza kwa kung'aa, aina moja kwa rangi ya buluu na aina nyingine kwa kijani, na herufi B na G zinazotumika katika majina ya sumu hizo zimetokana na majina ya Kiingereza ya rangi hizo. Siku hizi zipo njia za haraka zaidi, na maofisa wetu wanazitumia. Lakini njia hiyo ya bamba ni somo la chuo kikuu la siku moja, halina gharama kubwa, na aliyelifanya kwa mkono wake huwa amejifunza kutenganisha, kulinganisha na kushuku, mambo matatu ambayo hakuna mashine iyafundishayo.

Sasa niseme jambo linalonihusu, kwani si insafu kuwataja wengine na kujificha mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada, katika chuo ambacho sitakitaja, tulikuwa wanane katika meza moja yenye seti moja ya vioo. Mmoja alishika chupa, wa pili akaangalia moto, wa tatu akashika saa, na mimi, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa unasomeka, nilipewa kalamu, na kalamu hiyo nikaishika muhula mzima. Wengine walisimama nyuma yetu wakisubiri namba. Pale namba zilipokuja mbaya, na aghalabu zilikuja mbaya, tulizirekebisha zifanane na zile za kitabu, kazi ambayo wanafunzi mpaka leo huiita kupika data. Nasi tukazipika vizuri, kwa kuwa ripoti yangu ya ukenekaji ilipata alama 17 katika 20, na mkono wangu ulikuwa haujagusa kipimajoto. Mhadhiri wetu alikuwa mtu mwema na mwenye ilimu. Lakini alikuwa na wanafunzi mamia, na jioni zake zote zilikwisha katika kusahihisha karatasi.

Katika ripoti hiyo niliandika, kwa mwandiko huo uliosifiwa, kwamba vipande vidogo vya kigae hutiwa katika chupa kabla ya kuwasha moto ili kimiminika kichemke kwa utulivu. Miaka miwili baadaye nilisimama mbele ya darasa langu la kwanza la kidato cha sita, nikakeneka mchanganyiko wa maji na spiriti juu ya beseni la maji ya moto, na kimiminika kikawa kimya, hakichemki ingawa joto lilikuwa limekwisha kufika. Nikakumbuka vigae. Nikaondoa kizibo na kuvidondosha ndani ya kimiminika kilichokwisha kupata moto kupita kiasi, na chupa nzima ikatapika kwa kishindo mpaka kwenye dari. Binti aliyekaa mbele alirukiwa kwenye mkono wa sweta. Tukammwagia maji ya baridi kwa muda mrefu, na kwa rehema za Mungu hakuungua. Mimi nilibaki nimesimama, nikiujua kwa yakini ukweli ambao sikuwahi kuukubali: sentensi ile nilikuwa nayo, tena kwa ufasaha, lakini ilikuwa imekaa kichwani na haijawahi kushuka mkononi, na katika kazi hii maarifa ambayo hayajafika mkononi ni hatari kuliko ujinga, kwa sababu mjinga huogopa.

Likizo iliyofuata nilimwendea fundi sanifu mmoja wa maabara, mzee aliyekuwa karibu na kustaafu, nikamwomba anifundishe upya kana kwamba sijawahi kusoma. Hakushangaa, nadhani nilikuwa si wa kwanza. Akaniambia nije na kahawa ya kwetu, nami nikaja na gramu 50 za arabika ya Mbozi, iliyokaangwa na kusagwa. Tuliichemsha katika maji pamoja na soda, ndugu ya magadi tunayopikia, ambayo kazi yake ni kuzifunga asidi za kahawa zibakie majini, tukaichuja, tukaiacha ipoe, tukaimimina katika faneli ya kutenganishia, ile chupa yenye umbo la pea na bomba dogo chini, kisha tukaongeza diklorometheni, kiyeyushi kizito kuliko maji, kichemkacho kwenye nyuzi 40 tu, ambacho huizoa kafeini kutoka katika maji na kushuka nayo chini.

"Itikise," akaniambia, nami nikaitikisa kama mtu anayetikisa dawa ya maji.

"Basi, mwanangu. Umeshapata mtindi."

Na kweli ulikuwa mtindi: maji na kiyeyushi vilikuwa vimeshikana katika utando wa rangi ya udongo, hakuna tabaka la juu wala la chini. Hakunilaumu wala hakunisaidia. Alivuta kiti akaketi, nami nikaketi, tukautazama utando huo ukijifungua kwa uvivu wa ajabu kwa muda wa dakika 40, na ulipokataa kuendelea akanipa chumvi kidogo ya mezani, nikaitia, na mpaka baina ya matabaka mawili ukajichora polepole kama ukingo wa pwani asubuhi. Mara ya pili nilijua. Niliigeuza faneli kichwa chini kwa upole, nikiibembeleza badala ya kuitikisa, nikaelekeza mdomo wa bomba mbali na uso wake na wangu, nikafungua bomba, na mvuke uliokuwa ndani ukatoka kwa sauti ndogo kama ya mtu aliyeshusha pumzi. Nikafunga, nikageuza tena, nikafungua, mpaka sauti ikaisha. Ndipo akanipa sheria ambayo nimeifanya kuwa wasia kwa kila mwanafunzi wangu, kwamba usimwage tabaka lolote, hata lile uliloapa kuwa ni takataka, mpaka kitu unachokitafuta kiwe kimekauka mbele ya macho yako.

Kilipokauka kilikuwa unga mchafu wa kijanikijani. Tukauweka katika bilauri, tukaifunika kwa chupa yenye maji ya baridi, tukaipasha moto kwa hadhari, na kafeini, ambayo ina tabia ya kupanda kuwa mvuke bila ya kupitia umajimaji, ikaacha uchafu wake chini na kwenda kushika katika kitako cha chupa ya baridi kwa umbo la sindano nyeupe, nyembamba kama singa za ufumwele. Hazikufika robo gramu. Kwa hesabu ya kitabu, arabika yenye kafeini karibu asilimia 1.2 ingetupa zaidi ya nusu gramu, na ningekuwa bado mwanafunzi yule wa kalamu ningeandika nusu gramu. Siku ile niliandika nilichokipima, na sijawahi kuona fahari ya namba yoyote kuliko ile namba ndogo.

Baadaye nilisoma kwamba mtu wa kwanza kuitoa kafeini katika kahawa, Mjerumani Friedlieb Runge, alifanya hivyo mwaka 1819 baada ya kupewa punje za kahawa na mshairi Goethe, naye Runge akiwa kijana wa umri wa wanafunzi wetu wa vyuo. Nilipoyasoma hayo nilihisi kama mtu anayesikia habari za jamaa yake. Wanafunzi wetu wanazaliwa na kukua katikati ya mikahawa, wengine wamesomeshwa kwa fedha zake, wanapita kila siku mbele ya Mbimba ambako watafiti wa kahawa wa TaCRI wanaishughulikia miche, na bado kafeini kwao ni mchoro wa pembe sita na pembe tano ubaoni, mchoro wa kukaririwa usiku wa kuamkia mtihani.

Wala sanaa yenyewe si mgeni katika nyumba ya Mswahili. Lugha yetu ina neno kukeneka, yaani kugeuza kimiminika kuwa mvuke na mvuke kuwa kimiminika tena, na lugha haiweki neno kwa kazi isiyofanywa. Vitabu vinavyonasibishwa na Jabir bin Hayyan, na vile vya Al-Razi baada yake, vilieleza kwa Kiarabu vyombo vya kukenekea zaidi ya miaka elfu iliyopita, na maji ya mawaridi waliyorashiwa maharusi wa pwani yetu ni matunda ya vyombo hivyo. Pale Wawi, Pemba, Kiwanda cha Makonyo hupitisha mvuke katika makonyo ya karafuu na kupata mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni eujenoli, dawa ambayo daktari wa meno huitia katika jino linalouma. Eujenoli peke yake haichemki mpaka nyuzi 254, lakini ikisindikizwa na mvuke wa maji hutoka chini ya nyuzi 100 bila ya kuungua. Hata huku bara, wazee wa Kinyiha waliokuwa wakiyeyusha chuma katika tanuri za udongo hawakumtunuku kijana ufundi kwa kumsikiliza akieleza tanuri inavyofanya kazi. Alivuta mivuo, akachukua udongo, akakosea mbele ya mwalimu wake, na siku chuma kilipotoka kilikuwa ndicho hati yake.

Yapo mambo ambayo kitabu hakiwezi kuyafikisha hata kikiandikwa na malaika. Chukua unga mweupe wa urea, ile ile mbolea tunayoyawekea mahindi, iliyosafishwa. Na unga mweupe wa asidi ya sinamiki, ambayo ni jamaa wa harufu ya mdalasini. Kila mmoja huyeyuka karibu na nyuzi 133, na kwa macho havipambanuki. Saga viwili hivyo pamoja, ujaze katika kineli chembamba cha kioo, upashe moto taratibu: mchanganyiko utaanza kulegea mapema kabisa, nyuzi nyingi chini ya 133, na utayeyuka kwa kusitasita badala ya kuyeyuka mara moja. Hapo mwanafunzi huona kwa macho yake kwamba usafi una alama, na kwamba kitu kilichochanganyika hukosa msimamo. Na aliyeyaona hayo mara moja hatapokea tena unga mweupe, uwe wa dawa ya duka au wa shehena ya mpakani, kwa sababu tu umeandikwa jina.

Na mkono uliozoea huzaa fikira. Bi Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015, alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika mimea ya tiba ya kale, na mmea mmoja uliokuwa na matumaini ulimpa matokeo yasiyotulia. Ndipo alipokisoma tena kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya nne, akaona kwamba tabibu huyo aliuloweka mmea katika maji na kuukamua, hakuuchemsha. Mtu asiyejua kazi ya maabara angepita juu ya maneno hayo. Yeye aliona kwamba huenda moto ndio ulioiua dawa, akabadili kiyeyushi, akachukua etha inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na mwaka 1971 akapata mchujo uliomaliza vijidudu vyote vya malaria katika panya, na mwaka uliofuata fuwele za artemisinini. Kila mzazi wa Songwe aliyempa mtoto wake dawa ya mseto usiku wa homa anadaiwa na uamuzi ule wa nyuzi 35. Hapa kwetu, wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama Profesa Mayunga Nkunya waliitafuta dawa ya ugonjwa huo huo katika mimea ya misitu yetu, na tangu mwaka 1984 mtandao wa NAPRECA umewaunganisha wataalamu wa Afrika Mashariki na Kati wanaochunguza mazao ya asili. Kazi ambayo haiwezi kurithiwa na watu wa kalamu peke yake.

Nitaambiwa kwamba fedha hakuna. Ni kweli vioo huvunjika na huagizwa ng'ambo, viyeyushi ni ghali na vingine ni vya kudhibitiwa, maji ya kupozea hukatika, umeme kadhalika, na wanafunzi wameongezeka kuliko meza. Siyakanushi hayo, nimeyaishi. Lakini nauliza kwa nini fedha inapopungua huwa tunapunguza watu wanaoshika chupa badala ya kupunguza chupa yenyewe. Kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kikishirikiana na UNESCO, kilitengeneza vifaa vidogo vya plastiki ambavyo mwanafunzi hutumia matone mahali pa mililita mia, na kila mmoja akawa na chake. Na ukenekaji wa mililita tano hufundisha kila kinachofundishwa na ukenekaji wa mililita mia mbili, fauka ya kufundisha uangalifu zaidi, kwani katika mililita tano hakuna pa kupotezea. Majani ya mkaratusi yanaanguka bure kandokando ya barabara kutoka Mlowo hadi Vwawa, mchaichai umeota nyuma ya kila nyumba, kahawa ipo, na maganda ya machungwa yanatupwa kila jioni sokoni Tunduma.

Mjerumani Justus von Liebig alipopewa uprofesa wa kemia pale Giessen mwaka 1824 alikuwa na umri wa miaka 21 na chumba kisichofaa, katika mji mdogo usio na sifa. Lakini alifanya jambo ambalo miji mikubwa ilikuwa haijalifanya kwa utaratibu, nalo ni kumweka kila mwanafunzi kazini badala ya kumwacha akimtazama mwalimu. Mwaka 1831 akabuni chombo cha kioo chenye matufe matano cha kupimia kaboni, chepesi kiasi kwamba mwanafunzi wa kawaida aliweza kukitumia peke yake, na kutoka mji ule mdogo wakatoka wanakemia walioijaza Ulaya. Mbeya si ndogo kuliko Giessen ile, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Iyunga, chenye hadhi ya chuo kikuu tangu mwaka 2012, kipo safari ya saa chache kutoka mpaka huu wenye kazi zote nilizozitaja.

Ninalolitaka ni moja, na naliweka mbele ya Tume ya Vyuo Vikuu na mbele ya kila mkuu wa idara anayesoma gazeti hili. Neno shahada katika lugha yetu lilikuwa ushahidi kabla halijawa cheti. Mtu hutoa shahada kwa jambo alilolishuhudia. Basi asitunukiwe yeyote shahada ya kemia, wala ya ualimu wa kemia, mpaka aingie maabara peke yake, bila ya kundi, apewe mchanganyiko usiojulikana, na ndani ya siku moja autenganishe, aufuwelishe, aukeneke au aupandishe katika bamba, na atoke na kichupa chenye kitu safi na kiwango chake cha kuyeyuka, mbele ya mtu aliyesimama akaona. Na alama za mtihani huo zisifidiwe na karatasi yoyote. Ripoti nzuri iendelee kuwa na thamani yake, lakini isiwe mbadala. Najua ni kazi kubwa kwa wahadhiri. Ndiyo maana nasema pia kwamba mafundi sanifu wa maabara, ambao katika vyuo vyetu vingi huwekwa nyuma ya dirisha la kutolea vifaa, watolewe nyuma ya dirisha hilo, waongezewe idadi na mshahara, na wapewe mamlaka ya kutia saini katika mtihani huo, kwa sababu wao ndio wanaoujua mkono uliofanya na mkono uliotazama. Mimi nilifundishwa na mmoja wao kile ambacho shahada yangu ilidai kuwa imekwisha kunifundisha.

Na jambo hilo lianzie chini. Katika miaka ya 2014 na 2015, tukiwa bado Mkoa wa Mbeya, kaya zilichangishwa ili kila shule ya kata iwe na maabara, na wazazi wasiokuwa na kitu walitoa. Baadhi ya majengo hayo nimeyaingia, nikakuta meza ndefu za zege zilizotandikwa vizuri, sinki zisizofikiwa na maji, na kabati lenye chupa tatu. Wale wazazi walitimiza dhamana yao. Kilichobaki si tofali.

Wiki chache zilizopita tulikusanya majani ya mikaratusi, tukayakeneka kwa mvuke kwa vyombo ambavyo vingine ni vya maabara na vingine ni vya jikoni. Nimeweka utaratibu kwamba kila mwanafunzi afanye kwa zamu yake tangu mwanzo hadi mwisho, hata ikichukua majuma, na wengine wakae mbali. Zamu ya siku hiyo ilikuwa ya binti mmoja wa Ileje, mtu asiyesema sana. Alipojaribu mara ya kwanza kizibo kilivuja, na darasa zima likanuka mkaratusi ilhali chupa yake ya kupokelea ikabaki na maji matupu. Nilimwambia apumzike, mwenzake aendelee.

"Mwalimu," akasema, "naomba nirudie mimi."

Akafungua kila kiungo, akakifuta, akakipaka mafuta ya kulainisha, akakiunga upya akikizungusha mpaka kioo kikaacha kulia. Akajaza majani na maji. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kiberiti mkononi, nikimsubiri aniombe. Akanyoosha mkono, lakini hakuchukua kiberiti. Alichukua kile kijisahani cha vigae kilichokuwa kando yangu, akahesabu vitatu, akavidondosha kimoja kimoja katika maji ya baridi, akatia kizibo, ndipo akageuka na kusema kwamba yuko tayari kwa moto.